Leso ya Tangi la Tatu

Daktari Mzamil akitaka kukutukana, kwanza atakusalimu mpaka uchoke. Siku ile alipanda ngazi mpaka kwenye maabara yangu, akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi, akaanza.

"Sabalkheri, Bi Nanjala."

"Sabalkheri, Daktari."

"Umeamkaje? Mama huko Bungoma hajambo? Na lile goti lake?"

"Hajambo. Goti linaendelea vizuri."

"Alhamdulillahi. Na mvua zimenyesha?"

Zilikuwa zimenyesha. Mahindi yalikuwa yamesimama vizuri, ng'ombe alikuwa amezaa, na mdogo wangu alikuwa bado hajapata mchumba. Alipokwisha kuizunguka Bungoma nzima hakubakisha mtu, ndipo akakohoa kidogo, akatazama viatu vyake.

"Basi nilikuwa naona, na sisemi kwa ubaya, kwamba huenda umechanganya mirija."

Mimi nina hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nikiwa nimekunja ngumi, na mkunga akaniomba radhi. Lakini ukiishi Mombasa kwa muda mrefu unajifunza kwamba mtu aliyekuulizia goti la mama yako huwezi kumrushia kitu kichwani. Nikamwambia kwa adabu kwamba mkono wangu hauchanganyi. Akasema hapana shaka, hapana shaka kabisa, akashuka ngazi. Mimi nikabaki pale nimekunja ngumi.

Afadhali niseme tunafanya nini, maana hata mwenye nyumba wangu anaamini nauza samaki. Tunafuga ngisi. Tumewaweka ndani ya ghala kuukuu huku Ganjoni, karibu na Mbaraki, katika matangi matatu ya maji ya bahari, chini ya mabati ya plastiki yanayopitisha jua. Siyo wale ngisi wembamba. Hawa ni wale wapana, wenye kipande cheupe cha chokaa mgongoni ambacho watu huwapa kasuku wanolee midomo. Wanakua upesi na nyama yao ni tamu. Wana kasoro moja tu: jike akishataga mayai, anakufa. Hakuna uzazi wa pili, hakuna kulea, hakuna kuwalalamikia wakwe. Kwa hiyo mfugaji anataka jike achelewe kupevuka, anenepe kwanza, ovari yake ilale usingizi mrefu iwezekanavyo. Mradi wetu upo ili kujua ni nini hasa kinachoiamsha.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Kila seli ya ngisi ina kitabu kizima cha mapishi, lakini hakuna jiko linalopika kitabu kizima kwa siku moja. Kurasa nyingine hufunguliwa, nyingine hubaki zimefungwa. Jeni ni hizo kurasa. Mimi hupokea kipande cha ovari kikiwa ndani ya mrija wa dawa, nikasoma ni kurasa zipi zimefunguliwa na kwa kiasi gani. Ukurasa wa kutengeneza kiini cha yai ukifunguliwa, jike huyo ameanza safari na hakuna wa kumrudisha.

Majike wa tangi la kwanza na la pili walikuwa wamelala vizuri. Wa tangi la tatu, wa umri uleule, waliokula kamba walewale na kuogelea katika maji yaleyale, walikuwa wamefungua ukurasa wa kiini cha yai mpaka umechanika. Walikuwa vibinti vyenye ovari za wake wazee. Nilipima tena. Nikabadilisha dawa, nikapima tena. Nikasafisha mashine kwa hasira mpaka nusura niing'oe kishikio, nikapima tena. Jibu lilikuwa lilelile.

Daktari hakuona sababu yoyote ya matangi kutofautiana, kwa hiyo akaona sababu ni mimi. Na wakati ulikuwa mbaya. Kate, mama wa kutoka Nairobi anayesimamia mradi kwa niaba ya wafadhili, alikuwa anakuja wiki iliyofuata kuamua jambo moja: upimaji ubaki Mombasa mikononi mwangu, au mirija iwe inapelekwa Nairobi na mimi nitafute pengine pa kukunjia ngumi. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Zaidi ya mkataba kulikuwa na jina. Katika kazi yetu, ukishaitwa mchanganya mirija, utakufa mchanganya mirija.

Kulikuwa na utaratibu mmoja ulionifunga, na aliyeubuni ni Daktari mwenyewe. Anayepima hatakiwi kuona anachopima, asije akapendelea. Yeye hupasua ngisi chini, Dama, msaidizi wetu, hubeba mirija mpaka juu, mimi husoma herufi tu zilizoandikwa kwenye vifuniko, na tangi najulishwa baadaye. Kwa hiyo nilikuwa sijakanyaga kwenye matangi kwa miezi. Nilikuwa nawajua ngisi wetu kwa ovari, kama vile mtu anayewajua majirani zake kwa taka wanazotupa.

Ijumaa mchana Daktari alikwenda msikitini. Nikavua koti jeupe, nikauvunja utaratibu.

Tangi la kwanza na la pili yako nyuma ya ukuta wa mapampu. Jua lilikuwa linayapiga vizuri, ngisi wakielea na kunitazama kwa yale macho yao ya karani aliyenyimwa chai. Nikazunguka ukuta, nikaja mbele, karibu na mlango wa ofisi ambapo kuna kiti cha wageni. Tangi la tatu liko hapo. Nasema liko, lakini sikuliona. Niliona leso.

Ilikuwa leso nyekundu iliyoiva, yenye pindo jeusi na maembe ya manjano, imetandazwa juu ya tangi zima na kubanwa kwa vibanio vya nguo. Maneno yake yalikuwa yanamsema vibaya jirani mwenye wivu, ingawa jirani pekee aliyekuwepo pale alikuwa pampu ya maji. Nikainua ncha yake. Ndani giza, na katika giza macho.

"Dama!" nikaita.

Dama ni mama wa Kigiriama anayewalisha ngisi na kusafisha matangi. Alikuja na ndoo yake ya kamba, hana haraka.

"Nani ameweka leso hapa?"

"Daktari."

"Tangu lini?"

"Eh, dada, zamani. Kwani hukujua? Amewatia ndani kama maharusi. Mimi naifunua nikiwapa chakula, nikimaliza naifunika."

"Na hukuona ajabu?"

Dama akaniangalia kwa huruma. "Daktari ni yeye. Mimi nilidhani ndiyo utafiti wenyewe."

Kisha akaweka ndoo chini, akajifuta mikono, na nikajua nitapewa kisa, kwa sababu Dama hawezi kuhadithia akiwa ameshika kitu. Ghala hili, akasema, ni mali ya Bi Zuwena, mama mkwe wa Daktari, naye huja apendapo kuitazama mali yake. Siku moja alikuja kutoka kwake Mji wa Kale, akasema anataka kuona hao wadudu ambao mkwewe anawalea humo. Daktari akamleta mpaka tangi la tatu. Mtu na mama mkwe wake wakasimama bega kwa bega kwa heshima zote, Daktari akieleza habari za chumvi ya maji. Na hapo dume mmoja akajichora milia mwili mzima, akamkabili jike kichwa kwa kichwa, mikono ikafumana.

"Hawa hawana haraka, dada," Dama akasema. "Wewe unawajua."

Nilikuwa nawajua.

"Daktari akazungumzia chumvi. Akamaliza chumvi, akazungumzia bei ya mabomba. Jasho linamtoka hapa, na hapa. Bi Zuwena hasemi kitu, ametazama tu. Wale nao wako vilevile. Daktari akaanza kumweleza jinsi mabati yalivyopigiliwa misumari."

Nilicheka mpaka nikashika ukingo wa tangi. Kwa watu wa huku, mtu na mama mkwe wake hata neno suruali hulizunguka kwa mbali. Dama akamalizia kwamba jioni ileile Daktari alikimbilia Biashara Street, akarudi na leso.

Kisha kicheko kikanikauka, kwa maana nilikuwa nimeelewa. Jicho la ngisi likiona mwanga wa kutosha, linaizuia tezi ndogo iliyo nyuma yake. Ukimnyima mwanga, kizuizi kinaondoka, tezi inaiambia ovari: haya mama, kazi ianze. Haya mambo yanajulikana, yameandikwa, Daktari mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Alikuwa amewafunika ngisi ili wasifanye mambo yao mbele za watu, na kule gizani akawa amewaharakisha kwenye mambo hayohayo. Kwa haya zake alikuwa ameendesha jaribio safi kabisa, kisha akaja kuniuliza mimi habari za mirija.

Jumatatu nilimfuata ofisini. Nilimsalimu kwanza. Nilimuulizia mkewe, watoto, kifua cha mtoto wa mwisho, na gari. Kisha nikasema, "Daktari, tangi la tatu lina leso."

Masikio yake yakabadilika rangi.

"Bi Nanjala," akasema mwishowe, "kuna mambo ya kazi, na kuna mambo ya sitara."

"Hii leso ni mambo ya kazi. Imezuia mwanga."

"Leso haimo katika mpango wa utafiti. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba imo."

"Imo juu ya tangi!"

"Kate atauliza kwa nini iliwekwa. Na siku hiyo Mama naye atakuwepo, ghala ni lake." Alipotamka neno Mama sauti ilimtoka kama ya mtoto aliyevunja kikombe. "Nitasema nini mbele yake? Tutaandika ni hitilafu ya maabara. Neno la kawaida, halimuumizi mtu."

"Maabara ni mimi, Daktari."

Alianza kupanga kalamu zake. Alijua nasema kweli. Hilo ndilo lililoniumiza. Angekuwa mjinga ningemsamehe. Lakini alikuwa amepima mizani, jina langu upande mmoja na aibu yake mbele ya mama mkwe upande wa pili, na jina langu likaonekana jepesi. Nilipanda ngazi, nikajifungia maabara, nikalia kwa hasira, kisha nikalia kwa sababu nilikuwa nimelia.

Siku ya Kate ilipofika, leso haikuwepo. Tangi la tatu lilikuwa wazi, linang'aa, vibanio vyote vimeondolewa. Dama alinikonyeza kuelekea nje, lilikokuwa gari la Daktari. Nikaelewa. Ushahidi wangu ulikuwa kwenye buti.

Kate aliingia, akavua miwani ya jua, akataka kuona kila kitu. Ni mtu wa kuuliza swali moja mara tatu mpaka jibu lichoke. Bi Zuwena alifika nyuma yake, mama mnene mwenye mwendo wa taratibu. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akavua buibui kwa ajili ya joto, akalikunja mapajani. Mabegani alikuwa amejitanda leso.

Nyekundu iliyoiva, pindo jeusi, maembe ya manjano.

Hapa nieleze jambo ambalo kila mwanamke wa pwani analijua na mimi wa bara nilifundishwa. Leso haziuzwi mojamoja. Huuzwa doti, mbili zilizoungana, unazikata na kuzipinda. Moja unajifunga, moja unajitanda. Ukimwona mama wa Mji wa Kale na leso moja ya sare, chini amejifunga nyingine isiyohusiana nayo, basi kuna habari. Bi Zuwena chini alikuwa amejifunga ya kijani.

Daktari alikuwa anamweleza Kate, kwa sauti ya chini na ya upole, kwamba kuhusu tangi la tatu kwa bahati mbaya kumetokea hitilafu ya maabara. Kate akageuka kunitazama. Nikamwinamia Bi Zuwena.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu."

"Leso yako imekupendeza kweli. Mwenziwe yuko wapi?"

Nilitaka tu leso itajwe, basi. Sikujua nimebonyeza kidonda. Bi Zuwena aliinua uso polepole, na nikaona kwamba mama huyu alikuwa amengoja muda mrefu atokee mtu wa kumuuliza.

"Swadakta!" akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye mapampu. "Muulize mkwe wangu! Aliniletea zawadi, leso moja! Moja, mwanangu. Mimi mtu mzima, napewa leso moja kama kitambaa cha kupangusia meza. Nikamuuliza binti yangu, mwenziwe yu wapi? Hajui. Ameiona garini mwa mumewe, moja tu. Nikanyamaza. Nikasema, Zuwena, nyamaza, mato yako yataona. Basi leo nauliza mbele za watu. Mzamil, hiyo ya pili umempa mwanamke gani?"

Hata Kate hakuuliza kitu.

Sikuwa nimewahi kumwona mtu akizama penye nchi kavu. Daktari aliniangalia mimi, akamwangalia Dama, na Dama akaitazama ndoo yake kwa makini. Niliona akizipima aibu zake mbili. Aibu ya ngisi ilikuwa kubwa. Aibu ya mke wa pili aliyefichwa, mbele ya mama mkwe, ilikuwa kubwa zaidi.

"Si mwanamke, Mama," akasema.

"Nani basi?"

"Ni ngisi."

Alikwenda kwenye gari, akarudi na leso imelowa maji ya chumvi, ina madoa ya wino, inanuka. Akasimama nayo mikononi kama mtu anayeleta maiti ya paka. Kisha, kwa maneno ya kuzungukazunguka ambayo nisingeweza kuyarudia, akaeleza. Siku ile. Lile dume. Habari za misumari ya mabati. Kwamba aliona vibaya Mama aje tena akutane na mambo kama yale, ndipo akanunua kitu cha kusitiri.

Bi Zuwena alianza kucheka mabegani, kicheko kikashuka mpaka tumboni, kiti kikalia.

"Mzamil! Mimi nimezaa wana saba. Wewe wadhani niliwanunua Marikiti?"

Kate ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Ngoja. Hii tangi ilifunikwa muda gani?"

"Tangu majike walipokuwa bado wachanga; madume huanza mambo mapema," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imara kuliko nilivyotarajia. Nikamweleza: jicho, mwanga, tezi, ovari. Nikamwambia jeni ya kiini cha yai ilifunguka mapema kwa sababu ya giza, na kwamba mashine yangu ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza.

Bi Zuwena alikuwa anasikiliza. "Na hao wakishataga?"

"Wanakufa, Bi Zuwena."

"Wote?"

"Wote. Hawa wa tangi la tatu wengi wameshakufa. Hawakufika hata nusu ya ukubwa wa wenzao."

Aliichukua ile leso iliyolowa kutoka mikononi mwa mkwewe, akaiweka mapajani juu ya buibui, wala hakujali maji. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mimi walinitia ndani nina miaka kumi na mine," akasema. "Wakafunga na madirisha, nisionekane. Nilipotolewa n'shakuwa mke wa mtu. Marehemu alikuwa mwema, simsemi. Lakini siku zote huwaza, lau wangeniacha kidogo, ningekuwa mkubwa kiasi gani."

Mimi niliyekuwa nimengoja siku hii nishangilie, nilijikuta namezwa na huzuni. Nilimwona binti mdogo katika chumba chenye madirisha yaliyofungwa, na sikuweza kumwondoa machoni.

Daktari alimgeukia Kate. Safari hii hakumuulizia mtu wala mvua. "Nanjala hakuchanganya mrija hata mmoja," akasema. "Kosa ni langu, nililijua, na nilitaka kumtwika yeye. Naomba uandike hivyo."

Kate akaandika. Akasema maabara itabaki hapa, na mimi nitabaki nayo, na anataka tangi moja lifunikwe kwa makusudi na mengine yaachwe wazi, tupime vizuri. Nilisema ndiyo.

"Tangi hili si la kufunikwa tena," Bi Zuwena akasema. "Mtafute jingine. Hawa waliobaki waacheni waone jua." Alinipa leso. "Ifue, uikate matambara, ufutie vyupa vyako. Kisha nigeuzieni kiti."

Dama akakigeuza kiti kikaelekea kwenye maji. Jua lilikuwa limefika tangi la tatu, na ndani dume mmoja alikuwa ameanza kujichora milia. Daktari aliinua uso haraka, akaanza kuchunguza mabati.

"Mzamil," mama mkwe wake akasema bila kugeuka, "njoo utazame kazi yako."

Akaja, akasimama kando yake, akatazama.